Redio koli ndogo kwa uvuvi wa kayaki nje ya mwamba: nichague ipi?

Mvuvi wa Kasia (Kilifi):
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi huvua kwa kayaki upande wa Kilifi, na kaskazi hii nakusudia kuvuka mwamba kufuata nguru na kolekole. Simu ninayo, imo ndani ya mfuko usiopitisha maji, lakini kioo hakisikii kidole kilichorowa, na hata kikisikia, simu humfikia mtu mmoja tu ambaye nina namba yake, wala si mashua inayopita karibu nami. Kwa hiyo nataka redio ya VHF, yaani ya mawasiliano ya baharini, itakayoingia katika mfuko wa kifuani wa jaketi la kuokolea. Nimelinganisha Icom M25 ya wati 5 na Standard Horizon HX210 ya wati 6, na zote mbili huelea. Wengine wananishauri niongeze fedha nichukue HX890, yenye GPS na kitufe cha dharura. Je, ile wati moja ina maana yoyote? Na kitufe hicho kinamfaa mtu wa kayaki?

Baharia Mstaafu:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Hiyo wati moja isikunyime usingizi. Mawimbi ya VHF husafiri takriban kama macho yaonavyo, na kinachokubana wewe ni kimo cha antena. Chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, ukizidishe kwa 4.1, utapata umbali wa upeo kwa kilomita. Redio iliyo kifuani mwa mtu aliyeketi kwenye kayaki haizidi mita 1 kutoka majini, kwa hiyo upeo wake ni kilomita 4 hivi. Mashua yenye antena ya mita 4 ina upeo wake wa kilomita 8, na ukijumlisha mnaweza kusikizana hadi kilomita 12, bahari ikiwa shwari. Kayaki kwa kayaki ni kilomita 8, na mawimbi makubwa huipunguza hiyo nayo, maana kila ukishuka bondeni maji yanakukinga. Mnara mrefu wa nchi kavu ndio utakaokusikia kutoka mbali. Basi unapoita kwa chaneli 16 ya dharura na wito, yaani megahazi 156.8, inua redio usawa wa uso, antena isimame wima, na uitoe kabisa mfukoni. Hilo litakusaidia kuliko wati ya sita.

Dada wa Ngalawa (Tanga):
Namuunga mkono mzee, ila naomba niongeze jambo ambalo matangazo ya wauzaji hayalitaji. Kuelea peke yake hakutoshi, kwa sababu redio inayoelea bila kamba huondoka na mkondo. Ifunge kwa kamba fupi kwenye jaketi lako, usiifunge kwenye kayaki, kwani ukipinduka upepo huweza kuisukuma kayaki haraka kuliko unavyoogelea, na redio itakwenda nayo huku wewe ukibaki. Angalia pia alama ya IPX7, maana yake imepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, katika maji yasiyo na chumvi. Chumvi ni adui mwingine. Kila urudipo, isuuze kwa maji baridi ya bomba kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kikiwa kimefungwa, uikaushe, ndipo ukifungue na ukague ukingo wake: punje moja ya mchanga hapo inatosha kupitisha maji safari ijayo. M25 ina kazi ya kutetemesha spika ili kutoa maji, nami naiona ni faida kubwa kwa anayepigwa na mawimbi kutwa nzima.

Fundi wa Mawasiliano:
Kuhusu kitufe cha HX890, ndugu Mvuvi: ukikibonyeza, redio hutuma kwa chaneli 70 namba ya utambulisho ya redio yako na mahali ulipo, kwa data na bila maneno. Ni msaada mkubwa kwa mtu aliyeishiwa pumzi. Hata hivyo hakifanyi kazi mpaka uingize namba hiyo ya utambulisho, iitwayo MMSI, na redio nyingi hukuruhusu kuiingiza mara moja au mbili tu, kwa hiyo usibuni namba. Ulizia leseni na namba hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Namba za Kenya hubeba tarakimu 634. Tena, ujumbe huo hupokewa na redio yenye mfumo huo wa data peke yake. Mashua ndogo iliyo karibu nawe huenda haina, kwa hiyo ukishabonyeza, bado lazima useme Mayday, neno la kuomba msaada wa dharura, mara tatu kwa chaneli 16, jina lako, mahali ulipo na shida yako. Kwa maoni yangu, ukiwa peke yako nje ya mwamba, chukua HX890 na uvumilie unene wake. Mkiwa wawili watatu mnaoonana, M25 inatosha.

Mvuvi wa Kasia (Kilifi):
Ahsanteni sana. Mara nyingi huwa peke yangu, kwa hiyo nitachukua HX890. Je, naweza kuijaribu kwa chaneli 16?

Baharia Mstaafu:
Chaneli 16 iache kwa dharura na wito mfupi. Patana kabla na nahodha wa mashua ya uvuvi unayemfahamu, mkutane chaneli 72, uanze kwa wati 1, kisha mwambie asogee mbali kidogo kidogo mpaka sauti yako ikatike. Umbali huo uandike, kisha rudieni jaribio kwa nguvu kamili.