Core 2 Duo imegoma kuwaka baada ya Windows 11 24H2: SSD, Windows 10 au Linux Mint?

Steshenari Ngamiani
Wakuu, salaam. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, ramu GB 4, hadidiski ya zamani. Ilikuwa na Windows 11 ya 23H2 (toleo la 2023), iliyopigwa kwa kuruka ukaguzi wa vifaa, ikafanya kazi vizuri tu. Nimepandisha 24H2 (toleo la 2024) kwa flashi. Sasa nembo inatokea, kioo kinakuwa cheusi, inajizima na kujiwasha upya bila kukoma. Wateja wa fomu wamesimama dirishani. Wapo wanaosema niweke SSD (diski ya kasi), wengine nirudi Windows 10, wengine Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows. Lipi kwanza?

Fundi Makorora
Pesa ya SSD usiitoe kwanza, kaka. Kinachogoma ni prosesa. Kuanzia 24H2, Windows 11 haiwaki bila maagizo ya ndani ya prosesa yaitwayo POPCNT na SSE4.2, na Core 2 Duo haina. Hakuna kitu utakachowasha kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kikayaleta, na bootrec, ile amri ya kurekebisha uwashaji wa Windows, itakumalizia jioni bure.

Ingekuwa kioo cha bluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, hapo ningekuambia uangalie kwenye BIOS kama mpangilio wa diski (SATA) umehama kutoka hali ya AHCI kwenda IDE. Hilo hutokea betri ya saa, ile CR2032, ikifa, maana BIOS husahau mipangilio. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma, ujue ndiyo hiyo.

Mama Chumbageni
Mimi nasema Windows 10. Itawaka, na draiva ya printa yake ya zamani ipo.

Fundi Makorora
Itawaka, dada, sikatai. Ila masasisho ya bure ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na steshenari inapokea flashi za kila mtu. Akienda huko, asiiunganishe na intaneti, iwe ya kuchapisha tu.

Mwl. Raskazone
Mint nayo isipambwe sana. Mitihani yetu tunaiandika kwa Word. Ukiifungua kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Mint, majedwali yanahama na swali la 4 linaangukia ukurasa mwingine. Wateja walete PDF.

Fundi Makorora
Kweli kabisa, mwalimu. Kwa ramu yake achukue Mint ya Xfce, ile nyepesi. Kiwango cha chini ni GB 2. Uzuri wake inawaka kwenye flashi bila kugusa diski. Chagua kuijaribu, usibonyeze kusakinisha. Fungua hadidiski, ingia folda ya Users, nakili kazi zote kwenye diski ya nje. Kisha chomeka printa uchapishe ukurasa mmoja. Printa ikikataa, mfuate Mama Chumbageni.

Steshenari Ngamiani
Imewaka kwa flashi! Faili zote nimezitoa, na printa imechapisha. Skana ndiyo haionekani.

Fundi Makorora
Kabla hujasakinisha, andika hapa modeli ya skana. Bila skana, nusu ya kazi ya steshenari imelala.