Naomba ushauri: vihisi vya shamba vimegoma baada ya kusasisha Mosquitto

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, jua la Dodoma ni kali na mizabibu haisubiri.

Shamba la mzee wangu liko Hombolo. Tumefunga vihisi vya unyevu wa udongo vinavyotuma taarifa kwa MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi) hadi kwenye seva yangu ya Ubuntu mjini, ambako programu ya Mosquitto huzipokea. Ijumaa niliipandisha kutoka 20.04 kwenda 22.04, Mosquitto ikatoka 1.6 kuingia 2.0. Tangu hapo kimya. Huduma inaonyesha iko hai, na nikijaribu kutoka ndani ya seva yenyewe ujumbe unapita.

Kwa amri ya ss -tlnp nikakuta poti 1883, ya Mosquitto, inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya seva yenyewe. Nikaongeza mstari wa listener 1883 kwenye conf.d (folda ya mipangilio ya Mosquitto) ili ipokee kutoka nje, nikawasha upya. Sasa vihisi vinafika lakini vinakataliwa, kwa kuwa toleo la 2.0 haliruhusu asiye na nywila. Nikiweka allow_anonymous true (yeyote aingie bila nywila) vitarudi, ila seva iko wazi kwenye intaneti, na mzee hufungulia maji kwa kufuata namba hizo. Mtu akituma za uongo, mizabibu inaumia. Hilo silitaki kabisa.

Kuvipa nywila lazima nivifuate kimoja kimoja, viko 14. Je, kwa sasa nipitishe ruta ya shambani kwenye VPN (njia ya faragha hadi kwenye seva), au kuna njia salama zaidi?