Naomba ushauri: kiswaswadu kigumu cha mzee

Habari wakuu. Natafuta simu ya batani kwa ajili ya baba yangu, mkulima wa alizeti huko Singida. Ana miaka 74 na macho yameanza kufifia. Anachohitaji ni kupiga, kupokea, kutoa pesa kwa wakala, redio na tochi. Basi. Kamera na intaneti hana habari nazo.

Zamani alikuwa na Nokia 1100, ile iliyotoka 2003, yenye tochi juu na batani za mpira zilizozuia vumbi. Ilidondoka shambani mara ngapi sijui, ikadumu miaka. Mwaka jana nilimnunulia nyingine Kariakoo. Ndani ya miezi mitano namba zimefutika kwenye batani na spika inakoroma, akipigiwa hasikii. Iliniuma sana, maana simu ndiyo inayotuunganisha.

Nyumbani hakuna umeme, anachajisha kwa jirani mwenye sola, kwa hiyo chaji ikae siku nne au tano. Iwe ya laini mbili, maandishi makubwa, betri ya kuchomoa.

Nimefikiria Nokia 105. Aliyeitumia muda mrefu, batani zinahimili? Na nitaitambuaje orijino dukani? Bajeti yangu haizidi 60,000.