Mjadala: Arusha tuwe na uwanja wa raia wa kulenga shabaha, au jambo hili lipigwe marufuku?

Mleta mada, Arusha mjini

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili wazi, maana linafanyika chini chini na hakuna anayelisemea. Kuna marafiki, mmoja wao ana silaha ya leseni, ambao siku za mapumziko huenda shambani nje ya mji, wanapanga chupa na makopo juu ya mawe na kulenga shabaha kwa zamu. Nyama iko motoni, bia ziko kwenye ndoo ya barafu. Hawana nia mbaya na mtu yeyote. Wanafurahi tu.

Msimamo wangu nautaja mapema: mchezo wenyewe ni mzuri na unastahili uwanja rasmi, lakini huu wa shambani ukome. Na uwanja ukianzishwa, uanze na bunduki za upepo peke yake, zile zinazosukuma kipande kidogo cha madini kwa hewa badala ya baruti.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu wengi wanadhani ni kufyatua na kushangilia. Kwenye mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, alama kumi ni kinukta cha nusu milimita katikati ya kadi. Mlengaji amesimama, hana pa kuegemea. Pumzi inanyanyua mtutu, mapigo ya moyo yanausogeza. Anatoa pumzi kidogo, anaizuia, anabana triga polepole bila kuishtua. Akikawia, jicho linachoka na mkono unaanza kutetema, basi hana budi kuishusha bunduki na kuanza upya. Huko kuishusha bila kufyatua ndiko ninakotamani vijana wetu wakujue. Kijana anayeweza kujizuia akiwa tayari ameshalenga, amejifunza jambo ambalo hatulifundishi popote.

Halafu ni mchezo usiobagua umri wala umbo. Mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya bastola ya upepo akiwa na miaka 51, pamoja na mwenzake wa kike. India, nchi ya watu wengi namna ile, ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki mwaka 2008, na aliyeileta alikuwa Abhinav Bindra, mlenga shabaha wa bunduki ya upepo ya mita 10. Sisi medali zetu za Olimpiki ni zile mbili za fedha za mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za riadha. Sioni kwa nini tuendelee kutegemea miguu peke yake.

Karibuni, mwenye hoja aje nayo.

Mchangiaji wa Moshi, mwalimu

Mleta mada, umeandika vizuri ila sikubaliani nawe. Silaha ikishakuwa kitu cha kuchezea, hofu inatoka. Mtoto akimwona baba anacheka na bunduki mkononi, siku akiikuta chumbani ataichukua vilevile, kwa kucheka. Sisi tumelelewa tukijua bunduki ni ya askari, na raia akiwa nayo basi ni kwa sababu nzito. Hofu hiyo imetusaidia kama taifa.

Na hizo za upepo usizisemee kirahisi. Ukimtolea mtu usiku bunduki ya upepo, nani atasimama kuikagua? Atatoa simu na pochi.

Mleta mada

Mwalimu, hoja ya usiku naikubali, tena ni nzito. Ndiyo maana nasema bunduki zisiwe za mtu binafsi. Ziwe mali ya klabu, zifungiwe kwenye kabati la chuma pale uwanjani, zihesabiwe asubuhi na jioni. Unakuja, unakabidhiwa, unalenga, unarudisha, unaenda nyumbani mikono mitupu.

Ila kuhusu hofu tutatofautiana. Hofu haimfundishi mtu kuelekeza mtutu pasipo na watu. Anayeogopa ndiye anayeishika vibaya.

Mchangiaji wa Moshi, askari mstaafu

Vijana, mimi nimefundisha renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, na Moshi hapa chuo cha polisi kipo, watu wa kazi hii tunao. Nizungumzie hayo mawe mleta mada aliyoyataja.

Risasi ndogo ya bunduki, ile ya .22 ambayo watu huiona kama ya kuchezea, inaweza kufika karibu kilomita moja na nusu, hata zaidi. Ukiikosa chupa, ile risasi haijaisha kazi. Na ukiipiga chupa iliyoko juu ya jiwe, risasi inaweza kugonga jiwe na kudunda, ikaenda upande ambao hakuna aliyeulenga. Arusha na Moshi nchi yetu ni ya mawe ya volkano, kila korongo limejaa. Renji halisi haina jiwe hata moja mbele ya shabaha. Nyuma ya shabaha panakuwa na tuta refu la udongo laini, bendera nyekundu juu, na mtu mmoja tu mwenye kauli. Akisema "acha", wote wanaacha, awe bosi awe nani. Hakuna anayekwenda kutazama shabaha yake mpaka silaha zote zimefunguliwa, zimeonekana tupu, zimelazwa chini.

Masikio pia. Mlio wa bunduki ya kuwindia unapita desibeli 140, na hapo sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja, halirudi tena. Nimewaona wenzangu wengi waliostaafu, unamsalimu shikamoo hakusikii mpaka umguse bega.

Kwa hiyo bunduki ya upepo kuanzia nayo, naafiki. Lakini msiseme haina madhara. Kile kipande cha milimita 4.5 kinatoboa jicho. Na vingi vyake ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa watoto zaidi. Mtu anawe mikono kabla hajala. Bia isikanyage pale kabisa.

Mchangiaji wa Kisongo

Mimi ni mama, nafuga. Hamjatuuliza sisi.

Hayo mashamba mnayoyaita ya nje ya mji ni njia ya mbuzi wetu. Mtoto wa miaka tisa anachunga, haoni ubao wowote, haoni bendera. Anasikia mlio, mbuzi wanatawanyika, na yeye anakimbilia upande waliokimbilia mbuzi, hata kama ndiko risasi zinakokwenda. Nani amemwambia mlengaji kwamba nyuma ya kichaka kile kuna mtu? Jioni watoto wanakuja na maganda ya risasi mfukoni, wanayapulizia kama filimbi. Nilimnyang'anya wangu, nikaenda kwa mwenye shamba. Akanijibu kwamba ana leseni. Leseni yake inamlinda mwanangu vipi?

Mleta mada

Mama, shikamoo. Nakushukuru, na jibu lako nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote humu. Leseni hutolewa kwa mtu baada ya polisi kumchunguza, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, iliandikwa ili kubana zaidi. Lakini wewe unauliza habari ya mahali, na kumchunguza mtu hakukagui kilichoko nyuma ya kichaka. Kwa jambo unalolieleza, nakuomba usiishie kwa mwenye shamba. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwende naye kituoni. Tukio hilo liandikwe.

Mchangiaji wa Njiro, kijana

Wakuu mimi niko tofauti kidogo. Naunga mkono uwanja, ila najua utakavyokuwa. Utajengwa kwa ajili ya wazungu wa safari na wenye fedha, kiingilio cha dola, sisi wa Njiro tutausikia redioni. Kama ni hivyo bora usiwepo. Mnaleta mfano wa Bindra, yule alikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi nyumbani kwao. Mtoto wa mtaa wa Unga Ltd ana nini?

Mleta mada

Mdogo wangu, umenigusa. Ni kweli Bindra alitoka familia yenye uwezo. Lakini angalia mahitaji ya mita 10: chumba kirefu kama darasa na nusu, ukuta wa nyuma usiopitisha, kadi za karatasi, taa nzuri. Hauhitaji nyasi wala mvua kukatika. Bunduki moja inatumiwa na watu kumi kwa zamu. Hapo tunaweza kubana gharama, tukikataa mapema kwamba iwe starehe ya hoteli.

Walimu wapo. Mkoa huu na jirani yake una wastaafu wa jeshi, wa polisi na askari wa wanyamapori wasiohesabika, na chuo cha wanyamapori cha Mweka kimekuwa kikifundisha watu wa wanyamapori tangu 1963. Wengi wao wako nyumbani wanalima migomba.

Kwa mwalimu naongeza sharti: mtoto asiingie bila mzazi wake kuwepo palepale. Kwa mama wa Kisongo: kijiji chochote kitakachopakana na uwanja kiulizwe kwanza kwenye mkutano wa hadhara, na kikisema hapana, iwe hapana. Uwanja wa ndani, wa upepo, hauna mlio wa kutawanya mbuzi, lakini kuulizwa ni haki yao.

Mchangiaji wa Moshi, mwalimu

Kwa kabati na mzazi umenisogeza kidogo, sijafika. Niambie jambo moja: ufunguo wa kabati anakaa nao nani usiku?

Mchangiaji wa Moshi, askari mstaafu

Mwalimu, renji yetu ilikuwa na kufuli mbili na funguo mbili, watu wawili tofauti, na daftari la sahihi. Mmoja akiumwa, kabati halifunguliwi siku hiyo. Watu walilalamika sana, na hatukubadilisha.