Wazazi wa darasa la awali hawaji mkutanoni: nianzie wapi?

Mwl_Awali:
Wakuu, habari za kazi. Darasa langu la awali lina watoto 64 kutoka vitongoji vitano. Mkutano uliopita walikuja wazazi 11, na muda wote ukaishia kwenye mchango wa uji. Barua ninazowapa watoto hazifiki. Wengi wanasema awali ni kucheza tu, mtoto atasoma akifika la kwanza. Niwavute vipi?

ChakiNyeupe:
Ticha, tatizo ni ajenda. Mzazi akiitwa mara tatu na zote ni hela au kesi ya mtoto, ya nne hatokei, na ana haki. Mkutano wa kwanza usiguse mchango kabisa.

Tena usiwaite wote shuleni. Kubaliana siku na mwenyekiti wa kitongoji, mkwepe siku ya gulio na wiki za palizi, kisha wakute hukohuko kwao, watu 12 au 13, saa kumi alasiri chini ya mwembe wanapokaa siku zote. Dakika 40 zinatosha. Kumi na tano za mwanzo waachie watoto: wawili wapange visoda mafungu ya vitano vitano, mmoja asimulie picha. Hapo ndipo hoja ya "kucheza tu" inapojibiwa. Ukianza na mambo ya muhtasari wa somo na umahiri mahususi (ujuzi ambao mtoto anatakiwa kuupata), umewapoteza.

Barua kwa mtoto wa miaka 5 inaishia kuwa ndege ya karatasi. Tangazo lipite msikitini, kanisani na kwenye mashine ya kusaga.

Mama_wa_Darasa:
Naongezea la mlangoni. Asubuhi zungumza na aliyemleta mtoto, dakika moja, jambo moja la kuonekana: "Jana Zawadi amehesabu mawe mpaka 9, ila 7 anairuka. Mkipanga vikombe nyumbani, hesabuni naye." Hiyo "anaendelea vizuri" haimsaidii mtu. Chukua watatu kila siku, weka alama daftarini. Mwezi wa masomo ukiisha umewapitia karibu wote.

Halafu kagua rejesta. Mara nyingi simu iliyoandikwa ni ya baba aliyeko mjini, na mtoto analelewa na bibi. Ongeza safu mbili: anayeishi naye, na anayemchukua. Huyo bibi ndiye wa kualikwa. Kundi la WhatsApp lisiwe njia pekee, wenye vitochi (simu ndogo za kawaida) hawamo. Na humo usitaje kamwe nani hajatoa. Mzazi ukishamwaibisha mbele ya majirani, kumrudisha ni kazi.

HesabuZaUji:
Huo uji wenyewe tuupigie hesabu. Kikombe cha robo lita kinataka unga gramu 30 hivi. Watoto 64 ni karibu kilo 2 kwa siku na maji lita 16, na kwa siku 20 ni kilo 40 hivi. Kila kaya ikileta kilo 1 kwa mwezi, inabaki ziada ya kilo ishirini na kitu, na ndiyo inayowabeba wasio na kitu. Asiye na unga alete kuni au ndoo ya maji, viandikwe daftarini sawasawa na unga. Mtoto asinyimwe kikombe wala kurudishwa nyumbani.

Kinachoharibu ni kuchanganya unga wa kila nyumba. Mmoja ukiwa na unyevu, gunia zima linashika ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Pokeeni mahindi makavu, yachambuliwe, yasagwe pamoja ya wiki mbili tu. Ufunguo wa stoo ashike mzazi, daftari mzazi mwingine, wewe usishike chochote. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi.

Pwani_Kwetu:
Akina baba mkutanoni hawaji, kwenye kazi ya mikono wanakuja. Jumamosi moja, kwa muda wa saa mbili tu: wachonge vijiti vya kuhesabia, wafunge kumi kumi. Shule za awali za Madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kisha zikafika Zanzibar na Uganda, zilisimama kwa mtindo huo: jamii inatoa chumba na kamati, wanawake wa mtaa huohuo wanafundishwa ualimu, zana zinatoka kwenye vitu vya jirani. Mkitumia vifuu vya nazi, sugueni kingo, vinakata vidole. Maharage yaacheni, huishia puani.

Mwl_Awali:
Asanteni sana. Mwenyekiti mmoja anataka posho ndipo aite watu. Huyo je?

ChakiNyeupe:
Usimpe, vitongoji vingine vinne vitadai. Mpe taarifa kwa heshima, kisha pitia akina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wao wanakutana kila wiki. Omba dakika 15 kabla hawajafungua sanduku. Likishafunguliwa, akili zote ziko kwenye hisa.