Fundi kanipa hesabu ya milioni 5.5 ya sola, nifunge au niachane nayo?

Mama Samaki
Wakuu, habari za jioni. Niko Kihonda, Morogoro, nauza samaki wa friza nyumbani. LUKU natumia kama elfu 40 kwa mwezi. Shida ni umeme kukatika: ukikosekana mchana kutwa, jioni samaki wa juu washalegea, mteja akibonyeza kidole tu anarudisha. Fundi kanipigia hesabu ya paneli nne za wati 550, inveta ya kilowati 3, betri ya lithiamu ya uniti 5 na ufundi, jumla milioni 5.5. Anasema itajilipa kwa miaka mitatu. Hela yenyewe ni mkopo wa kikoba, ndiyo maana naogopa. Mliofunga, naombeni ushauri.

fundi_wa_jua
Dada, gawa mwenyewe. Milioni 5.5 kwa elfu 40 ni miezi 137, zaidi ya miaka 11, tena hapo uwe hununui umeme kabisa. Mimi kazi yangu ni kufunga sola na naipenda, ila kwa mwenye LUKU tayari, faida kubwa iko kwenye kile kinachookolewa umeme ukikatika. Ukiwa unatupa samaki wa laki na kumi kila mwezi, jumlisha na LUKU, hapo ndipo miaka mitatu ya fundi wako inapatikana. Unatupa wa kiasi gani?

Mzee wa Kijijini
Huku nguzo hazijafika, nilikuwa nanunua petroli ya jenereta. Kwangu sola haikuwa na mjadala. Nakazia tu: wasikubadilishie lithiamu kwa betri ya asidi eti ni rahisi. Ukiitumia kupita nusu kila siku, inakufa mapema.

jirani_mwema
Kabla ya kukopa, dada yangu: friza iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi hadi saa 48. Ikijaa nusu, saa 24. Gandisha chupa za maji, jaza nafasi tupu. Kinachokuumiza ni kufungua kila mteja akija. Samaki wa kuuza siku hiyo watoe asubuhi, waweke kwenye deli lenye barafu, friza usiiguse.

Mama Samaki
Asanteni sana. Hasara yangu haifiki hata elfu 50 kwa mwezi, kwa hiyo mkopo nauacha. Naanza na chupa na deli. Fundi, nikija kununua paneli mbili kwanza kwa ajili ya friza tu, halafu niongeze, inveta hiyohiyo itakubali?

fundi_wa_jua
Uliza volti kwanza. Paneli moja ya wati 550 inatoa takriban volti 50 isipokuwa na mzigo, mbili zikiunganishwa mfululizo ni 100, na kuna inveta haziamki chini ya 120. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye kibandiko cha ubavuni mwa inveta. Kipige picha dukani uniletee hapa kabla hujalipa.