Naomba ushauri: mzee analala barazani mtaani kwetu, wengine wanataka mgambo wamwondoe

Habari zenu wakubwa. Mtaani kwetu Magomeni kuna mzee analala kwenye baraza la duka lililofungwa. Anatandika maboksi, viatu anaviweka chini ya kichwa visiibiwe, na alfajiri anafagia baraza lote kabla watu hawajaanza kupita. Hamwombi mtu kitu. Mama ntilie wa jirani humpa chai na chapati, nasi wengine tunachangia tunavyoweza.

Sasa baadhi ya majirani wanataka waitwe mgambo wamwondoe, eti anachafua mtaa. Inaniuma sana. Wamwondoe wampeleke wapi? Huyu ni baba wa watu.

Najua kuna makazi ya wazee ya serikali Nunge, Kigamboni. Lakini hana kitambulisho chochote, ndugu zake hataki kuwataja, na miguu imeanza kuvimba. Masika ndiyo hayo yanakuja.

Aliyewahi kusaidia mtu wa namna hii anielekeze: nianzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au niende moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii? Na akikataa kwenda makazini, tumsaidieje bila kumvunjia heshima?